Presha ya Maji Nyumbani: Ndoo na Saa Kabla ya Pampu

Mwaka niliohamia nyumba yangu, pembezoni mwa Dar es Salaam, shawa ya bafu la ndani ilikuwa ikitoa maji kama paa linalovuja. Fundi bomba aliitwa. Alisimama uani, akainua macho kwenye mnara wa tangi, akatoa hukumu bila kupanda: presha ndogo, mnara uinuliwe. Nikanunua nondo na saruji, nikalipa siku mbili za kazi, tangi likapanda mita mbili. Shawa ikabadilika kiasi cha kuzua ubishi ndani ya nyumba: mke wangu akisema imeongezeka, mimi nikisema ni macho tu. Miezi michache baadaye fundi mwingine, kijana asiye na maneno mengi, alipasua ukuta, akang'oa bomba la zamani na kuweka la saizi moja zaidi. Mnara hakuugusa. Jioni ile maji yalishuka kichwani kwa uzito, na ubishi ukaisha.

Fundi wa kwanza hakuwa tapeli. Tangi likipanda, presha hupanda kweli. Kosa lake ni kwamba aliichukua presha ya maji yaliyosimama akadhani ndiyo itakayofika shawani maji yakianza kutembea. Minara mingi mirefu na pampu nyingi za bure zimetokana na kosa hilo. Nitakuonyesha namna ya kuliepuka kwa ndoo, saa ya simu na kipande cha mpira.

Maji yakiwa yamesimama

Funga koki zote. Maji ndani ya bomba yanasimama, na presha mahali popote inategemea kitu kimoja tu: kimo kutoka uso wa maji tangini hadi hapo unapopima. Kila mita 10 za kimo ni takriban bar 1. Mita 4 ni bar 0.4. Tangi la lita 500 na la lita 5,000, maji yake yakiwa usawa mmoja, hutoa presha ileile. Unene wa bomba nao haubadilishi kitu, maadamu maji hayatembei. Darasani presha huitwa kanieneo. Dukani ukisema kanieneo utaangaliwa, kwa hiyo nitabaki na presha.

Anza kupima kwenye uso wa maji na uishie kwenye kichwa cha shawa, si ardhini. Mnara wangu wa kwanza ulikuwa na mita 5, maji tangini mita 1, na shawa iko mita 2 kutoka chini. Jumlisha na utoe: mita 4. Tangi likikaribia kukauka zinabaki mita 3 na kidogo, ndiyo maana anayeoga wa mwisho ndiye mwenye malalamiko.

Presha hiyo unaweza kuiona kwa macho. Chukua mpira wa levo, ule mweupe unaoonyesha ndani ambao mafundi wa ujenzi hupimia usawa wa msingi. Bana ncha moja kwenye koki iliyo kwenye njia ileile ya bomba linalokwenda bafuni. Ncha nyingine panda nayo ngazini, uiache wazi, kisha koki ifunguliwe. Maji yatapanda mpirani hadi usawa wa maji ya tangi na kutulia hapo. Weka alama ya chaki ukutani. Sasa mwambie mtu afungue shawa. Maji yatashuka mpirani mbele ya macho yako, pengine kwa mita nzima au zaidi, na yatakaa huko chini mpaka shawa ifungwe; weka alama ya pili hapo yalipokaa. Kilichopungua kati ya alama mbili ndicho kilicholiwa na bomba kati ya tangi na koki yako. Jaribio hili ni la maji ya tangi tu. Usilifanye kwenye bomba la pampu, mpira utachomoka na kukulowesha.

Bomba linavyokula presha

Maji yanapotembea yanasugua kuta za bomba na yanasuguana yenyewe kwa yenyewe, na kusugua huko hulipiwa kwa presha. Urefu wa bomba ukiongezeka mara mbili, hasara huongezeka mara mbili. Hilo halimshangazi mtu. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, hasara huongezeka zaidi ya mara tatu, na kwenye mabomba ya chuma yaliyokwaruzika hukaribia mara nne. Hapo watu huanza kukosea. Lakini balaa lenyewe liko kwenye kipenyo.

Chukua mabomba ya PPR, yanayounganishwa kwa kuchoma. Fundi akisema "bomba la 20" anazungumzia milimita za nje. Lile la ukuta mnene, linalouzwa pia kwa maji ya moto, tundu lake ni milimita 13.2 tu. La 25 lina tundu la milimita 16.6, na la 32 lina milimita 21.2. Ukiyaweka kaunta yanafanana kama ndugu. Sasa pitisha lita 6 kwa dakika, maji ya shawa hafifu, kwenye mita 30 za kila moja. Bomba la 20 hula karibu mita 2 za kimo. La 25 hula kama sentimita 67. La 32 hula kama sentimita 20, basi.

Rudi sasa kwenye mnara wangu wa kwanza, wenye kimo cha mita 4 hadi shawani. Kama bomba lingekuwa la 20, urefu mita 30, bila elbo na bila shawa, mwisho wake ungetoa karibu lita 9 kwa dakika, na presha yote ingeishia njiani. Inua mnara mita mbili: unapata lita 11. Acha mnara ulivyo, weka bomba la 25: unapata karibu lita 17. Tofauti ya bei kati ya mabomba hayo mawili, kwa mita 30, haifiki gharama ya zege la mnara. Ndiyo hesabu ambayo fundi wa kwanza hakuifanya, nami sikumwuliza.

Elbo moja ya bomba la 20 hula sawa na karibu sentimita 40 za bomba lililonyooka. Kwa hiyo elbo kumi na mbili ni kama mita 5 za ziada; zina hasara, lakini si za kulaumiwa kwa kila kitu. Tatizo kubwa zaidi ni namna zinavyochomwa. Fundi akiliacha bomba kwenye mashine ya kuchomea sekunde nyingi kupita kiasi, au akalisukuma kwa nguvu kuingia kwenye elbo, plastiki iliyoyeyuka huvimba ndani na kufanya pete. Nje kiungo kinapendeza, ndani tundu limebaki la kupitisha penseli. Nimeshika elbo ya namna hiyo mkononi, imetoka kwenye ukuta wangu. Siku ya kazi mwombe fundi achome kiungo kimoja cha majaribio, akikate kwa msumeno, mtazame ndani pamoja. Fundi mzuri hatakasirika.

Kidole gumba kwenye mpira

Kila mtoto aliyewahi kumwagilia bustani anajua: ukiziba nusu ya mdomo wa mpira kwa kidole gumba, maji huruka mbali. Kutokana na hilo imezaliwa imani kwamba bomba jembamba linaongeza presha, na mafundi wapo wanaofunga redusa kabla ya shawa "ili presha ikusanyike". Imani hiyo imechanganya mambo mawili, na inafaa tuyatenganishe polepole.

Mwaka 1738 Daniel Bernoulli, Mswisi, alichapisha kitabu chake Hydrodynamica, na kutokana na kazi yake tunajua kwamba maji yanapoongeza kasi ndani ya bomba, presha yake hushuka mahali hapo. Kasi hununuliwa kwa presha. Maji yanapopita kwenye sehemu nyembamba lazima yakimbie, kwa kuwa lita zilezile zinapita kwenye tundu dogo zaidi. Na pale yanapokimbia, presha iko chini kuliko kwenye sehemu pana iliyotangulia. Kwa hiyo bomba jembamba halikusanyi presha, linaitumia.

Bei yenyewe ya kasi si kubwa. Kuyafikisha maji kwenye kasi ya mita 1 kwa sekunde kunagharimu sentimita 5 tu za kimo. Mita 2 kwa sekunde, sentimita 20. Linganisha na mita 2 nzima zinazoliwa na msuguano katika bomba letu la 20. Ndani ya nyumba, kanuni ya Bernoulli ni mdai mdogo. Anayekufilisi ni msuguano.

Sasa turudi kwenye kidole gumba. Chukua mpira wa nusu inchi, urefu mita 20, umefungwa kwenye koki yenye bar 1. Mdomo ukiwa wazi, unatoka kama lita 16 kwa dakika, kwa kasi ya mita 2.2 kwa sekunde. Karibu presha yote imeliwa ndani ya mpira. Mdomoni hakuna iliyobaki, maji yanaanguka miguuni pako. Ziba kwa kidole mpaka zibaki lita 8 kwa dakika. Kwa kuwa maji mpirani yamepunguza mwendo kwa nusu, msuguano unashuka hadi chini ya theluthi. Nyuma ya kidole sasa kuna mita 7 hivi za presha ambazo hazikuwepo, na zote zinageuzwa kasi pale kwenye upenyo: karibu mita 12 kwa sekunde. Maji yanafika kwa jirani.

Kidole hakikuongeza presha yoyote. Kilipunguza mtiririko, na mpira ukaacha kula. Ukiendelea kuziba, kasi itapanda kidogo zaidi na kugota kwenye mita 14 kwa sekunde, ile kasi ambayo jiwe hupata likianguka kutoka mita 10. Torricelli, Mwitaliano wa karne ya 17, alikwisha kulieleza hilo. Baada ya hapo unabaki na uzi mwembamba wa maji ambao hauogeshi hata kuku. Redusa kabla ya shawa ni kidole gumba kilichofukiwa ukutani: kama shida yako ilikuwa maji machache, umeyapunguza zaidi.

Shawa yenye vitundu vidogo vingi hufanya kazi hiyo ya kidole mahali panapostahili, mwisho kabisa wa safari. Ndiyo sababu kubadilisha kichwa cha shawa wakati mwingine humaliza malalamiko yote. Kile kipana kama sahani, kinachopendeza dukani, kinahitaji maji mengi. Kwenye kimo cha mita 4 kitakudondoshea tu.

Nguvu iko katikati

Presha peke yake haifanyi kazi, wala mtiririko peke yake. Nguvu ni moja mara nyingine, na kwa maji hesabu ni nyepesi: bar mara lita kwa sekunde mara 100 ni wati. Bar 1 ikisukuma lita 1 kwa sekunde ni wati 100.

Ijaribu kwenye mpira wetu. Koki ikifungwa, presha ni kamili lakini hakuna kinachotembea: wati sifuri. Mdomo wazi kabisa, lita ni nyingi lakini mdomoni presha imekwisha: nguvu ya maji yanayotoka haifiki wati moja. Kwa kidole, nusu ya mtiririko, maji yanatoka na wati 9 hivi. Ziba zaidi, ubaki na sehemu ya kumi ya mtiririko, na ingawa kasi imepanda, nguvu inashuka chini ya wati 3. Kilele kiko mahali ambapo bomba limekula karibu theluthi ya presha na theluthi mbili zimebaki. Shawa nzuri nayo, lita 8 kwa dakika na bar 0.3 kwenye kichwa chake, ni wati 4. Wati nne tu zinazokuamsha asubuhi, wakati kichwa cha shawa cha umeme kinavuta 5,000 ili kuyapasha moto hayo maji.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayowasha taa zako. Kihansi, kituo cha umeme wa maji kwenye miteremko ya Udzungwa, ina uwezo wa megawati 180, na maji yake huanguka karibu mita 850. Kidatu, kwenye Ruaha Mkuu, ina megawati 204 na anguko la mita 175 tu. Fanya hesabu, toa sehemu ya kumi kwa hasara, utaona Kihansi inahitaji karibu mita za ujazo 24 kwa sekunde, na Kidatu zaidi ya 130. Mto mdogo wenye anguko refu unakaribiana na mto mkubwa wenye anguko fupi. Katika bomba la Kihansi presha hufika bar 80 na ushee, na maji hugonga vikombe vya gurudumu la tabo (turbini) kwa kasi inayozidi mita 100 kwa sekunde. (Maji yalipoingia kwenye njia hiyo, manyunyu ya maporomoko yalipungua, na chura mdogo wa Kihansi, aliyeishi kwenye manyunyu hayo tu, akatoweka porini. Umeme una bei zaidi ya ile ya Luku.)

Kama kijijini kwako, tuseme Njombe au Mbinga, kuna kijito na watu wanazungumzia mtambo mdogo, usikubali kuonyeshwa urefu wa mlima peke yake. Uliza lita. Lita 10 kwa sekunde zikianguka mita 30 zina wati 2,900 hivi kabla ya hasara, na mtambo mdogo wa kawaida utakupa kama nusu yake. Uliza pia kipenyo cha bomba la kushushia maji: likiwa jembamba, geji itasoma vizuri koki ikiwa imefungwa, na siku ya uzinduzi taa zitawaka kama mishumaa.

Kabla hujanunua pampu

Soma kibandiko cha pampu kama unavyosoma mkataba. Pampu ndogo ya nusu hospawa, ile iliyojaa kwenye maduka ya vifaa, mara nyingi imeandikwa kimo cha juu mita 35 na mtiririko wa juu lita 35 kwa dakika. Mnunuzi hudhani atapata vyote. Hapati. Mita 35 ni pale koki imefungwa na hakuna tone linalotoka. Lita 35 ni pale maji yanamwagika usawa wa pampu bila kupanda popote. Ni yaleyale ya kidole gumba. Kwa mnara wa mita 10 tarajia lita 25 hivi kwa dakika, kama bomba la kupandishia si jembamba. Kwa ghorofa ya tano, toa zaidi.

Kujaza lita 1,000 kwenye mnara huo kutachukua dakika 40 na kula kama theluthi ya uniti moja ya umeme. Kazi halisi iliyofanyika kwenye maji ni chini ya sehemu ya kumi ya hiyo. Iliyobaki imeishia kwenye joto na kelele. Pampu hizi si hodari, ni rahisi kununua tu. Anayepandisha maji mengi kila siku atafute yenye panga kubwa la kuzungusha maji, inayotoa lita nyingi kwa kimo cha wastani.

Halafu kuna wanaotaka kuishinda hasara ya bomba kwa pampu kubwa zaidi. Inawezekana, lakini angalia bei. Kupitisha lita mara mbili kwenye bomba lilelile kunahitaji presha zaidi ya mara tatu, na kwa kuwa nguvu ni presha mara mtiririko, unahitaji nguvu karibu mara saba. Bomba pana unalilipia mara moja. Pampu utailipia kila mwezi.

Kwenye kisima, pampu iliyokaa juu ya ardhi haivuti maji. Inapunguza hewa ndani ya bomba, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji kupanda. Hewa hiyo, usawa wa bahari, inaweza kusukuma maji hadi mita 10 na kidogo kwa nadharia, na kama mita 7 kwa vitendo. Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi zaidi na kikomo kinashuka. Kisima chako kikiwa na maji mita 12 chini, hakuna hospawa itakayokusaidia ukiwa juu. Nunua pampu ya kuzamisha.

Na usiifunge pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Ikivuta kwa nguvu, presha ndani ya bomba hilo hushuka chini ya ile ya hewa ya nje, na kila ufa uliokuwa ukivujisha maji nje unaanza kuvuta maji ya mtaroni ndani. Jaza kwanza tangi la chini, kisha pampu ivute hapo.

Siku ya kupima

Anza na ndoo ya lita 10. Fungua kichwa cha shawa, weka ndoo chini ya bomba tupu, hesabu sekunde hadi ijae. Rudisha kichwa, hesabu tena. Ikiwa bomba tupu linajaza ndoo kwa sekunde 50 na shawa inachukua dakika mbili na nusu, ukuta hauna kosa. Loweka kichwa cha shawa kwenye siki usiku kucha au kinunue kingine. Maji ya visima vya Pwani yana chumvi na chokaa, na vitundu huziba kimyakimya.

Ikiwa hata bomba tupu linasuasua, nenda kwenye tangi. Pima pale linapotokea, kwenye koki ya kwanza chini ya mnara. Pakiwa na maji mengi, hasara iko njiani. Endelea kupima koki moja baada ya nyingine kuelekea bafuni, na pale sekunde zinapoongezeka ghafla ndipo penye mwizi. Mara nyingi ni chujio lililosahaulika, geti valvu ambayo sahani yake imekatika na kubaki katikati hata ukizungusha mpini mpaka mwisho, au kiungo kilichochomwa vibaya. Kama sekunde zinaongezeka kidogokidogo bila kuruka, bomba lenyewe ndilo jembamba.

Unapojenga upya, toka tangini na bomba la 32, liende hivyo hadi karibu na vyumba, ligawanyike kwa la 25, na la 20 litumike kwa mita chache za mwisho tu, kutoka kwenye tii hadi koki. Kwa nyumba ya bafu mbili na jiko hiyo inatosha. Jihadhari na bomba linalopanda, kisha linashuka, kisha linapanda tena: hewa hukaa kwenye kilele, na kwenye mnara mfupi inaweza kuziba kabisa, tangi likiwa limejaa. Kama huna budi kuvuka kilele, weka hapo kitoa hewa.

Kasi ya maji ndani ya nyumba isizidi mita 2 kwa sekunde. Moja na nusu ni nzuri zaidi. Kupita hapo mabomba huanza kuimba, na ukifunga koki ghafla yanagonga. Kugonga huko ni kasi inayogeuka presha kwa nguvu mara moja: katika bomba refu la chuma, maji ya mita 1 kwa sekunde yakizuiwa ghafla yanaweza kupandisha presha kwa zaidi ya bar 10 ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Katika plastiki ni chini ya hapo, kwa kuwa bomba hunyumbuka, lakini viungo vilivyochoka hupasukia papo hapo, na kwa kawaida ni usiku. Funga koki za robo mzunguko taratibu. Waambie na watoto.

Ukimaliza, andika sekunde za kila koki kwa kalamu ya wino mzito kwenye ukuta karibu na mita, pamoja na tarehe. Mwakani mtu akisema shawa imezorota, chukua ndoo ileile ukalinganishe kabla hujampigia fundi.